Mvua ya Alfajiri na Vifaranga wa Wiki ya Nne

Anayenunua vifaranga wa siku moja huondoka dukani na vitu viwili: boksi lenye matundu, na ushauri. Boksi huingia vifaranga mia moja, wamegawanywa katika vyumba vinne ili wasikanyagane. Ushauri, uwe umeandikwa kwenye karatasi au umetamkwa tu na muuzaji, karibu siku zote ni uleule: wape joto wiki tatu hadi nne, kisha watoe kwenye bruda, yaani sehemu yao ya joto, uwahamishie bandani. Boksi likifika Bukoba limeshasafiri mbali. Wapo vifaranga wanaokuja kwa basi likizunguka ziwa kutoka Mwanza, wapo wanaovuka usiku kwa meli na kushushwa asubuhi Kemondo au Bukoba mjini. Safari hiyo huimudu, kwa sababu kila mmoja ameanguliwa na akiba ya kiini cha yai tumboni inayomweka hai siku mbili hivi bila chakula. Kinachowashinda baadaye ni ule ushauri, ambao ulipimwa kwa usiku wa nchi nyingine.

Hesabu yenyewe kila mfugaji anaweza kuifanya. Wiki ya kwanza kifaranga anahitaji joto la nyuzi 33 hivi. Kila wiki inayofuata unapunguza nyuzi 3: wiki ya pili 30, ya tatu 27, ya nne 24, ya tano 21. Sasa chukua usiku wa Dar es Salaam mwezi Januari, ambapo joto haliteremki sana chini ya nyuzi 24. Kifaranga wa wiki ya nne akitolewa nje usiku huo, hukuta joto lilelile alilolizoea ndani. Mlete huyohuyo Bukoba, ambako usiku hushuka hadi nyuzi 16 au 17 karibu mwaka mzima, au mpandishe Kamachumu na Nshamba kwenye miinuko ya Muleba, ambako baridi huzidi hapo. Kwa usiku mmoja ameondolewa nyuzi 7 au zaidi, na hakuna aliyemwandaa.

Juu ya baridi kuna maji. Mji wa Bukoba uko ukingoni mwa ziwa, mita 1,150 hivi juu ya usawa wa bahari, na hupata mvua ya karibu milimita 2,000 kwa mwaka, kiasi kinachokaribia mara mbili ya Dar es Salaam. Mvua hii ina saa zake. Usiku maji ya Ziwa Victoria huwa na joto kuliko nchi kavu, mawingu hujijenga juu ya ziwa, na pepo za mashariki huyasukuma upande wetu. Aliyekulia Kashai, Maruku au Kagondo anaijua vizuri: radi huanza kusikika ziwani mtu akiwa bado usingizini, na jogoo la pili likiwika maji yanapiga bati. Hizo ndizo saa ambazo kifaranga ni dhaifu kuliko zote. Chakula alichokula jioni kimeisha tumboni, mwili hauna cha kutengenezea joto, na hewa imefika kwenye baridi yake kali kabisa.

Kwa hiyo naomba niseme bila kuzunguka. Kwetu wiki ya nne ni mapema, na katika miezi ya mvua hata ya tano ni mapema kwa vifaranga wengi. Cha kwanza kuangaliwa ni manyoya, cha pili ni hali ya hewa, na kalenda ije ya tatu.

Kifaranga anapoanguliwa amevaa manyoya mororo ya utoto. Hayo humtunzia joto kidogo akiwa mkavu. Yakilowa hayamsaidii kitu. Manyoya ya kweli huanza kwenye mabawa ndani ya wiki ya kwanza, yakafuata mkiani, mabegani, mgongoni na kifuani. Shingo, tumbo na kwapa huwa za mwisho. Mfugaji anayechungulia kutoka mlangoni huona mabawa na mikia, akaamini kundi limeiva. Mwenye uzoefu huingia akawashika. Humlaza kifaranga chali kiganjani, akapuliza tumboni na chini ya bawa. Akikuta ngozi nyekundu tupu, humrudisha kwenye joto, hata kama ni wiki ya sita. Huwashika kadhaa, hasa wale wadogo wanaosukumwa kwenye chakula, maana kundi la mia moja halioti manyoya kwa siku moja. Katika kuku wa aina nzito, majogoo mara nyingi huchelewa kuota kuliko mitetea.

Manyoya nayo hutoka kwenye chakula. Unyoya karibu wote ni protini, na kifaranga asiyeipata ya kutosha hana cha kuoteshea. Hapa Kagera ina shida yake. Hii ni nchi ya ndizi na kahawa; chakula cha kuku cha kiwandani huongezewa nauli ya meli au lori kabla hakijafika dukani Muleba, na mfuko wa chakula cha kuanzia ukiisha katika wiki ya pili, wengi huziba pengo kwa pumba. Kifaranga wa pumba huongeza umri bila kuongeza manyoya: ana wiki tano, lakini mgongo wake ni wa wiki tatu. Dagaa wanaotoka visiwa vya Muleba, kama Goziba, Kerebe na Bumbire, ni msaada mkubwa, mradi wasagwe vizuri na wasiwe wale walioanikwa juu ya mchanga. Kilo ya dagaa wa mchangani ina mchanga mwingi ndani yake, na wewe umeilipia yote. Naamini fedha inayowekwa kwenye dagaa safi wiki hizo za mwanzo hurudi baadaye kwa njia ya mkaa usiochomwa.

Kwa nini basi watu huwahi kuwatoa? Sababu ni nyingi na zote zina uzito. Mkaa ni ghali. Chumba cha bruda mara nyingi ni chumba cha nyumba, stoo au jiko la nje, na harufu ya wiki ya nne hakuna asiyeisikia pale nyumbani. Wapo walioagiza kundi la pili kabla la kwanza halijatoka. Lakini kuliko yote hayo ipo Krismasi. Desemba Wahaya hurudi nyumbani. Magari kutoka Dar es Salaam, Arusha na Mwanza hujaa barabara ya Muleba, harusi na ubarikio hufuatana, na kuku aliyekosa mteja Septemba hugombewa mlangoni. Chotara kama Kuroiler, uzao wa India, au Sasso wa Ufaransa, huchukua miezi mitatu hadi minne kufikia uzito wa kuuzwa kwa bei nzuri. Rudisha hesabu nyuma kutoka sikukuu: vifaranga wanaingia mwishoni mwa Agosti au mwanzoni mwa Septemba, na kwa ushauri wa wiki ya nne wanatoka nje mwisho wa Septemba au mwanzo wa Oktoba. Wakati huo vuli imeshaingia. Soko lenyewe linawasukuma vifaranga nje katika majuma yasiyowafaa.

Njia ziko mbili. Ya kwanza ni kuanza Juni au Julai, ndani ya miezi mikavu, vifaranga wakatoka Agosti ardhi ikiwa kavu na jua la kutosha. Gharama yake ni kulisha kuku wakubwa mwezi mzima au zaidi ukisubiri Desemba. Ya pili ni kuanza Septemba kama wengine, ukikubali tangu mwanzo kwamba bruda itafanya kazi wiki sita, pengine saba. Kwa mwenye kuku mia moja au mia mbili mimi naiona ya pili kuwa nafuu. Kifaranga wa wiki ya sita anakula kidogo sana akilinganishwa na kuku wa miezi minne, na mkaa wa wiki hizo za nyongeza huwashwa usiku tu. Anayetaka kuhakikisha aweke kwenye mizani madebe machache ya mkaa upande mmoja, na upande wa pili vifaranga ishirini waliokwisha kula mfuko wa chakula cha kuanzia, wakachanjwa, kisha wakaokotwa asubuhi wamekufa.

Wazee wetu hawakulijua tatizo hili, kwa sababu mtetea wa kienyeji ni bruda inayotembea. Huwatoa vifaranga wake kibanjani, kwenye shamba la migomba la nyumbani, wangali wa siku chache, mvua ikitishia huwaita, huchuchumaa chini ya mgomba na kuwafunika wote, na hawaachi mpaka wiki nyingi zipite na miili yao ijitegemee. Jioni aliingia nao ndani ya nyumba, ambamo moto ulikuwa bado una makaa. Vifo vya vifaranga vya enzi zile vililetwa na mwewe, kicheche na kideri. Kifaranga wa boksi hana mama wa kumwita. Hajawahi kuona mvua, hajui giza la nje, na usiku wa kwanza bandani anayajua yote hayo kwa mara moja. Ndiyo maana kuhamishwa kwake kunahitaji kazi ya siku nyingi kabla ya siku yenyewe.

Kazi hiyo ni kumzoesha. Kuanzia wiki ya tatu, mchana wa jua, joto huzimwa kwa saa chache na madirisha hufunguliwa. Wiki ya nne mchana wote unapita bila joto. Wiki ya tano joto huwashwa usiku peke yake, na wenye balbu huipandisha juu kidogo kila baada ya siku mbili tatu. Kisha huja zile siku tano hadi saba ambazo wengi huziruka, na ambazo mimi naziona kuwa za lazima: vifaranga walale bila joto lolote, lakini ndani ya chumba kilekile cha bruda, wakiwa wakavu na wamekingwa upepo. Wakilala wametandazika wamelegea, wako tayari. Wakijikusanya wote kona moja wakilia, wamekwambia kwamba bado. Hapo unawasha jiko, unangoja siku nyingine chache, na hujapoteza kifaranga hata mmoja katika kulijaribu jambo hilo. Ukijaribu kwa mara ya kwanza nje, jibu utalipata kwa hasara.

Kuhusu jiko lenyewe niseme neno, maana hapa hatari haiwahusu kuku peke yao. Umeme wa Bukoba na Muleba kwa miaka mingi ulitoka Uganda kupitia Kyaka, na kukatika kwake si habari mpya kwa mtu yeyote, kwa hiyo hata mwenye balbu huweka jiko la mkaa na chungu pembeni. Mkaa unaowaka ndani ya chumba kilichozibwa hutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, inayoua vifaranga na watu vilevile. Chumba cha bruda kinapaswa kuwa na mwanya wa hewa juu, karibu na dari, usiku kucha, hata mvua ikinyesha. Asilale mtu humo kulinda jiko. Na maranda yasogezwe mbali na makaa, kwa sababu nyumba zimewahi kuungua hivyo.

Sasa banda. Mfugaji wa nchi kavu hufikiria jua kwanza. Wa Bukoba afikirie mvua ya upande. Paa lenye masikio mafupi halisaidii kitu mvua inapopigwa na upepo wa ziwani. Ukuta wa chini, kufikia kiunoni, uwe mzima, wa matofali, udongo au mabanzi yaliyobanana, na juu yake wavu. Upande unaoelekea ziwani uzibwe juu zaidi. Pazia la viroba au turubai lifungwe kuanzia chini kwenda juu, ili unapolipandisha usiku libaki pengo juu kabisa la kutolea hewa chafu. Kosa ninaloliona mara nyingi ni kuzungushia banda lote turubai mpaka darini kwa hofu ya baridi. Vifaranga huamka na hewa nzito ya samadi, macho yanawatiririka machozi, wanaanza kukoroma, na mwenye nyumba anakimbilia dawa ya mafua. Chuchumaa humo asubuhi, kichwa chako kiwe usawa wa kifaranga. Macho yakikuchoma, dawa ni kufungua.

Wengi Muleba hujenga banda la kuinuliwa, likisimama juu ya nguzo kiasi cha mita moja. Ni uamuzi mzuri kwa ardhi inayolowa hivi. Ila sakafu ya fito au mbao zilizoachana hupitisha upepo toka chini, na kwa kifaranga aliyetoka bruda jana upepo wa chini ni mbaya kuliko wa pembeni, kwa sababu unampiga tumboni, mahali ambapo manyoya yamechelewa. Kwa wiki tatu za mwanzo sakafu hiyo itandikwe magunia au mkeka, na maranda juu yake.

Kuinua banda kuna faida nyingine, na hii ndiyo inayonifanya niipigie debe: siafu. Mtu ambaye hajaishi kwenye kibanja chenye unyevu hawezi kuwaelewa. Mvua zikianza, siafu hutoka ardhini na kutembea kwa misafara, hasa usiku, na hula chochote kisichoweza kukimbia. Mtetea aliyelala nje ataruka, atawaita watoto wake, ataokoa nusu. Vifaranga waliofungiwa ndani ya banda zuri lenye kufuli hawana njia. Siafu huingia puani na machoni, na asubuhi mfugaji hukuta kimya. Mwewe huchukua mmoja na kicheche huchukua wachache. Msafara wa siafu humaliza kundi.

Nguzo za banda zisimamishwe ndani ya makopo yenye oili chafu. Makopo hayo yakaguliwe kila baada ya mvua kubwa, maana maji hujaa chini na kuimwaga oili nje, na kopo lililojaa majani makavu ni daraja. Jani la mgomba linalogusa ukuta ni daraja pia, na hili ndilo husahaulika: nguzo nne zimelindwa, lakini mgomba umeinama juu ya paa kwa uzito wa mkungu wake. Fyeka, kata, acha nafasi wazi kuzunguka banda lote. Majivu husaidia siku za ukavu. Yakilowa hayazuii kitu. Kama wameshaingia, la kwanza ni kufungua mlango na kuwatoa vifaranga haraka, walowe au wasilowe, kisha ndiyo uhangaike na siafu wenyewe. Wapo wanaoanza kumwaga mafuta ya taa ndani wakati vifaranga wamefungwa, na huwapoteza wote.

Kuhusu matandiko nitakuwa mfupi kidogo. Maranda ya misonobari yanapatikana kwa mafundi seremala, na mbao za shamba la miti la Rubare haziko mbali. Yatandazwe kina cha kiganja. Vumbi laini la msumeno liepukwe, kwa kuwa vifaranga hulila. Nchini Uganda wafugaji wengi hutandika maganda ya kahawa, na sioni kwa nini Kagera, yenye kahawa yote hii, iyachukulie kama taka. Sharti lake ni yawe makavu na yasiwe na ukungu hata kidogo. Nyasi za rweya, yaani za mbuga zetu za wazi, nazo zinafaa zikikatwa fupi, maana ndefu hujifunga na kushika maji chini. Kila asubuhi chota matandiko karibu na chombo cha maji na uyabane mkononi. Yakiachia na kumwagika, salama. Yakibaki donge, yatoe siku hiyohiyo. Vimelea vya kuhara damu vinavyotoka kwenye kinyesi huhitaji unyevu, joto na hewa ili viive, na vikivipata huwa tayari kuambukiza ndani ya siku moja au mbili. Umri vinaoupenda ni kati ya wiki ya tatu na ya nane, yaani umri huuhuu wa kuhama. Mara nyingi maji yanayolowesha matandiko hayakutoka kwenye paa. Yametoka kwenye chombo cha kunywea kilichowekwa chini mno. Mdomo wa chombo uwe usawa wa mgongo wa kifaranga, na kadiri anavyokua kipandishwe juu ya tofali.

Ratiba ya chanjo nayo inaipinga ile wiki ya nne. Inayofuatwa sana ni kideri siku ya 7, Gumboro siku ya 14, kideri tena siku ya 21 na Gumboro tena siku ya 28. Mwenye kuhamisha wiki ya nne anamtoa kifaranga nje siku ambazo mwili wake bado unafanya kazi ya chanjo, ukiwa hauna nguvu ya kupambana na baridi pia. Mwache apumzike wiki nzima. Chanjo ya ndui, inayochomwa kwenye ngozi ya bawa kati ya wiki ya sita na ya nane, isipuuzwe kwetu, kwa sababu ndui ya kuku huenezwa na mbu na kibanja cha migomba kina mbu wa kutosha. Ipigwe siku kadhaa kabla ya kuhama au siku kadhaa baada ya kuhama. Baada ya hapo kideri hurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Ile chanjo ya matone ya jicho inayostahimili joto, I-2, hutengenezwa hapa nchini na Wakala wa Maabara ya Veterinari, na kwa vijiji na visiwa visivyo na jokofu la uhakika ni neema.

Siku ya kuhama ichaguliwe kwa kutazama anga. Subiri asubuhi kavu, jua likiwa limetoka, ili vifaranga wapate mchana mzima wa kujifunza pembe za nyumba mpya. Vyombo vya chakula na maji viwe vilevile walivyovizoea, hata kama umenunua vipya. Kifaranga hunywa haraka kwenye chombo anachokijua. Chakula kisibadilishwe wiki hiyo. Banda liwe na nafasi: vifaranga ishirini waliokaa vizuri kwenye mita moja ya mraba wakiwa wadogo, sasa wawe kumi, na watakapokomaa watano au sita.

Halafu usiku. Huu ndio usiku unaoua, na huua kwa namna ambayo watu hawaitarajii. Giza linapoingia, vifaranga waliokuwa wakiona mwanga wa jiko au balbu tangu kuzaliwa hutishika. Hukimbilia kona moja na kupandana. Walio juu wanatafuta joto, walio chini wanakosa hewa, na asubuhi wale waliokufa huokotwa wamebanwa, wakiwa bado wana joto. Mfugaji husema ni baridi, akawasha jiko siku ya pili. Baridi ilichangia, lakini kilichowaua ni kona. Kabla ya jioni ziba kona zote kwa maboksi yaliyokunjwa, mkeka au gunia lenye maranda, ili chumba kiwe na umbo la mviringo. Acha taa ndogo, hata tochi ya sola iliyofunikwa kwa kitambaa, kwa siku tatu za mwanzo. Na uende mwenyewe, mara moja jua linapozama, mara ya pili kabla hujalala, uwatawanye kwa mikono taratibu. Mvua ya alfajiri ikianza, amka. Nenda uangalie maji yanaingilia wapi, kwa sababu mchana hutaliona tundu hilo.

Vichanja vya kulalia viwekwe tangu siku ya kwanza, chini, urefu wa shubiri mbili hivi kutoka sakafuni. Hawatavipanda mara moja. Wachache wataanza, wengine watafuata, na ndani ya wiki mbili hivi wengi watakuwa juu, mbali na unyevu wa matandiko.

Wahenga walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Vifaranga hawahitaji kamba, ila wanahitaji kufungiwa wiki nzima au zaidi bila kutoka nje ya banda, mpaka wajue kwamba hapo ndipo kwao. Wakifunguliwa siku ya pili hutawanyika chini ya migomba, na jioni ya mvua mtu mmoja hawezi kuwakusanya mia moja. Wasichanganywe na kuku wa zamani wa nyumbani. Kuku wakubwa hubeba vimelea bila kuonekana wagonjwa, huwadonoa wadogo na kuwafukuza kwenye chakula. Na chakula cha kuku wanaotaga kina chokaa nyingi inayoharibu figo za kifaranga. Wakae mbalimbali mpaka wafikie miezi mitatu hivi, na siku ya kuwakutanisha iwe kwenye eneo pana, vyombo vya chakula vikiwa vingi.

Kuwafungulia kibanjani kuna mazungumzo yake, na mengi hufanyika kati ya mume na mke. Kuku kwa kawaida ni wa mama, migomba na kahawa ni ya baba, na kuku mia moja wakichakura matandazo kwenye mashina kwa wiki moja, mizizi ya migomba, ambayo haiendi chini sana, hubaki wazi. Wasio na uzio huwafungulia jioni tu, saa moja au mbili kabla ya giza, ambapo kuku hawaendi mbali. Wenye uwezo wa kununua wavu huzungushia sehemu moja ya kibanja na kuihamisha kila baada ya wiki chache.

Mama naye ana la kuweka mezani. Ng'ombe waliokuwa wakiilisha migomba ya Kagera samadi wamepungua katika nyumba nyingi, mnyauko uliivuruga migomba hiyo tangu katikati ya miaka ya 2000, na maranda yaliyokolea kinyesi cha kuku ni mbolea yenye nguvu. Ni ya moto. Irundikwe na kufunikwa miezi miwili mitatu kabla ya kuwekwa, isigusane na shina. Yale ya bruda yatengwe na mengine. Humo ndimo vimelea vya kuhara damu vimelala, kwa hiyo yapelekwe kwenye migomba ya mwisho kabisa wa kibanja, upande ambao vifaranga wa kundi lijalo hawatafunguliwa kuchakura.